Miezi mitano bandani: oili chafu hailali

Kwenye barabara za Ujerumani kuna magari ambayo kibao chake cha namba kina tarakimu za ziada pembeni kulia, 04 juu na 10 chini, katikati kamstari kafupi. Tarakimu hizo ni miezi. Gari limesajiliwa kuanzia Aprili mosi hadi Oktoba 31, na saa sita usiku ya siku hiyo ya mwisho ikishapita, haliruhusiwi kuendeshwa wala hata kuegeshwa kando ya barabara ya umma. Liwe limeshaingia ndani: kwenye gereji ya nyumbani, banda la mkulima aliyeacha kufuga, au jengo la kiwanda kilichofungwa, ambalo mwenyewe hulipangisha nafasi moja moja kwa mwezi.

Vibao hivyo vya msimu vilianza mwaka 1997. Mwaka huohuo ndipo ilipokuja ile herufi H mwishoni mwa namba, inayotolewa kwa gari lililotimiza miaka 30 tangu lisajiliwe mara ya kwanza na ambalo bado liko karibu na hali yake ya asili. Gari la H hulipiwa kodi ya mkupuo, yuro 191.73 kwa mwaka, liwe na injini ya silinda nne au nane. Kwa miaka 20 mwenye gari la kale alilazimika kuchagua moja, ama H ama msimu. Tangu Oktoba 2017 anaweza kuwa na vyote viwili. Ndiyo maana wiki za mwisho za Oktoba kuna shughuli kubwa kwenye mabanda ya nchi ile, na huwezi kupita pasipo kunusa oili ya moto.

Kinachokimbiwa si baridi. Injini ya chuma haina shida na nyuzi kumi chini ya sifuri, mradi maji ya radieta yamechanganywa dawa ya kuzuia kuganda. Kinachokimbiwa ni chumvi. Theluji ikikaribia, magari ya manispaa hupita usiku yakimwaga chumvi barabarani, tena imeloweshwa kwa maji ya chumvi ili isipeperushwe na upepo. Inayeyusha barafu kweli. Lakini pia inarushwa na matairi hadi ndani ya milango, kwenye viungo vya bodi, kwenye mabomba ya breki, na bodi za miaka ya sitini na sabini hazikupakwa zinki wala nta kama za leo. Misimu michache ya namna hiyo inatosha kutoboa sakafu ya gari lililostahimili nusu karne.

Kwa hiyo gari linafichwa. Na hapo ndipo unapoanza ubishi usioisha kati ya wenye magari haya: oili ya injini ibadilishwe sasa, kabla ya kulifungia, au isubiri Aprili?

Upande wa Aprili una hoja inayosikika vizuri. Kwa nini ununue oili mpya, uimwage ndani ya injini, kisha ikae miezi mitano bila kazi? Itavuta unyevu wa bandani, itazeeka bure, na ukija kuwasha majira ya kuchipua tayari umeshapoteza sehemu ya thamani yake. Bora iliyochakaa ikae, kisha mwezi wa nne umwage kila kitu, uanze safi. Nimesikia hoja hii kwa watu wanaojua kushika spana kuliko mimi, na bado naona ni hesabu ya mfukoni. Chuma kina hesabu yake nyingine.

Tuanze na maji. Petroli ni kaboni na haidrojeni, na haidrojeni ikiungua huwa maji. Ukichoma lita moja ya petroli unapata takribani lita moja ya maji. Karibu yote hutoka na moshi wa eksozi, ndiyo yale unayoyaona yakidondoka asubuhi. Lakini ringi za pistoni hazizibi kwa asilimia mia. Kila pigo la mwako hupenyeza gesi kidogo pembeni ya pistoni hadi chini kwenye sampu, na katika gesi hiyo mna mvuke wa maji, petroli isiyoungua, masizi na oksidi za naitrojeni. Injini ikiwa baridi mambo huwa mabaya zaidi: pistoni haijatanuka kujaza silinda yake, choki inamwaga petroli ya ziada, na mvuke ukigusa chuma cha baridi unageuka matone papo hapo. Oksidi za naitrojeni zikikutana na matone hayo zinazaa asidi ya naitriki. Zamani kulikuwa na salfa pia, nayo ikizaa asidi kali zaidi. Vitabu vya maelekezo vya miaka ya sitini viliandikwa wakati petroli ikiwa na salfa nyingi. Leo Umoja wa Ulaya umeibana hadi sehemu 10 katika milioni, sheria iliyokamilika mwaka 2009. Lawama ya salfa imepungua. Ya maji na naitrojeni iko palepale.

Watengenezaji wa oili wanalijua hili. Ndani ya kopo wanaweka kemikali za alkali, mara nyingi za kalsiamu au magnesiamu, zinazoimaliza asidi makali kadiri inavyozaliwa. Lakini akiba hiyo ina mwisho. Oili iliyotembea msimu mzima, hasa ya safari fupi za kwenda kununua mkate Jumapili, imeshakula sehemu kubwa ya akiba yake. Ukilifunga gari nayo, unaiacha asidi iliyobaki mahali pabaya kuliko pote: kwenye utando mwembamba kati ya krenki na beringi zake. Beringi hizo ni metali laini, mara nyingi mchanganyiko wenye risasi na shaba au bati, zilizowekwa laini makusudi ili takataka zizame ndani yake badala ya kuikwaruza krenki. Barabarani oili huzipita kwa wingi na hakuna tone linalokaa. Bandani, tone lilelile limeganda mahali palepale tangu Novemba hadi Machi.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na sidhani hoja ya mfukoni inaijibu. Unachokibadilisha Oktoba si oili iliyochoka kulainisha. Pengine bado inalainisha vizuri. Unaondoa maji, petroli na asidi. Oili mpya, ndani ya injini iliyofungwa vizuri, haizeeki kiasi hicho katika miezi mitano. Ilikaa muda mrefu kuliko huo dukani.

Kuna wanaobadilisha mara zote mbili, Oktoba na Aprili. Kama fedha ipo, sawa, ila sioni kinachopatikana mara ya pili. Na kuna wa kuachwa: kama ulibadilisha mwishoni mwa Agosti, na tangu hapo gari limekwenda safari ndefu mbili tatu za barabara kuu, injini ikichemka sawasawa, oili hiyo iache. Maji yake yalishatoka yenyewe, maana oili ikikaa karibu na nyuzi mia kwa muda wa kutosha, mvuke hupanda na kutolewa na mfumo wa kupumulia wa injini. Dalili ya oili iliyokosa nafasi hiyo ni rahisi kuiona. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta upande wa chini umepakwa uji wa rangi ya maziwa, kama mtindi, hayo ni maji yaliyochanganyika na oili.

Sasa kazi yenyewe, na nitaieleza kwa Volkswagen Beetle, kwa sababu ni gari ambalo Afrika Mashariki inalifahamu bila kutambulishwa. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1954, likashinda tena 1957 na 1962, kwenye tope la Kenya, Uganda na Tanganyika ambalo lilimaliza magari yenye nguvu maradufu. Injini yake haina radieta. Inapozwa na upepo na oili. Oili yenyewe ni lita mbili na nusu tu, na Beetle ya kawaida haina filta ya oili ya kubadilisha. Ina chujio la wavu wa waya chini ya injini, basi. Lita mbili na nusu zisizochujwa kwa karatasi zinachafuka upesi, ndiyo maana kitabu kilitaka zibadilishwe kila kilomita 5,000.

Jambo la kwanza ni joto. Gari linaendeshwa hadi injini ichemke kwelikweli, nusu saa au zaidi, kisha oili inamwagwa ingali ya moto. Oili ya moto ni nyepesi, na uchafu wote bado unaelea ndani yake. Iache ipoe usiku kucha na nusu ya uchafu imeshatua chini, utaubakiza. Chini ya injini kuna kibamba cha duara kilichoshikwa na nati sita ndogo zenye vichwa vya duara, za spana namba 10, kila moja na washa yake ya shaba nyekundu. Katikati ya kibamba, kwa magari ya kabla ya miaka ya sabini, kuna nati ya kumwagia. Inafunguliwa, oili inatoka nyeusi na ina harufu ya petroli, na hiyo harufu peke yake inaeleza jinsi gari lilivyotumika: ikikupiga puani, mwenyewe alikuwa mtu wa safari fupi.

Mzee mmoja fundi mstaafu, ambaye banda lake liko nje kidogo ya mji nilikokuwa nikiishi, hakuridhika na kufungua nati ya katikati. Alifungua zote sita, akateremsha kibamba na wavu wake, akauweka juu ya gazeti jeupe. Kisha akapitisha sumaku juu ya tope lililobaki. Kilichoruka kwenye sumaku, alieleza kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno, ni chuma: cha kemshafti, labda, au kipande kidogo cha ringi. Kinachong'aa na kugoma kufuata sumaku ndicho cha kuangalia kwa makini, kwa sababu huenda ni metali ya beringi. Siku ile wavu ulikuwa na vumbi jeusi tu. Aliuosha kwa petroli, akaweka gasketi mbili mpya za karatasi, moja kila upande wa wavu, akarudisha nati kwa kutumia spana ya kipimo. Nyutoni mita 7. Ni nguvu ndogo kiasi kwamba ukiwa na mkono wa kazi utaona kama hujakaza kitu. Lakini mwili wa injini ya Beetle ni wa mchanganyiko wa magnesiamu, laini, na fundi anayekaza nati zile kama anakaza tairi la lori ataondoka na uzi wa skrubu mkononi. Magari mengi ya aina hii yanayovuja oili chini yalianza kuvuja siku ya namna hiyo.

Oili gani? Hapa nami nina msimamo. Injini hizi zina tapeti bapa zinazosuguana moja kwa moja na kemshafti, na ulinzi wao mkubwa tangu katikati ya karne iliyopita ni kiambato cha zinki na fosforasi. Mwaka 2004 kiwango cha Marekani cha API SM kilipunguza fosforasi kwenye oili nyepesi za magari ya kisasa, kwa sababu inaziua kemikali za kusafishia moshi ndani ya eksozi mpya. Gari la 1969 halina kemikali hizo, lina tapeti. Kwa hiyo lile kopo la bei mbaya la oili nyepesi kabisa ya gari jipya halifai hapa, hata kama maandishi yake yanapendeza. 20W-50 au 15W-40 ya madini, yenye zinki ya kutosha, inatosha na inabakiza fedha. Wajerumani wana rafu nzima za oili za magari ya kale, na mtu akiniuliza nitamwambia anunue huko ila asome nyuma ya kopo, si mbele.

Halafu kuna mpangilio ambao wengi huukosea. Watu hubadilisha oili bandani, wanawasha injini dakika tatu oili izunguke, wanazima, wanafunika turubai. Dakika hizo tatu za baridi zimeingiza maji mapya kwenye oili mpya. Afadhali ubadilishe oili siku mbili tatu kabla, nyumbani, kisha safari ya mwisho ya msimu, ile ya kilomita 30 au 40 kwenda bandani, uifanye na oili mpya. Gari linaingia la moto, beringi zote zimeoga oili safi, maji yametoka. Linazimwa na haliwashwi tena.

Haliwashwi tena hadi Aprili. Hapa ndipo penye uharibifu mkubwa unaofanywa kwa nia njema. Kuna mwenye gari anayekwenda bandani kila Jumamosi ya pili, anawasha, anasikiliza injini ikinguruma dakika tano, anafurahi, anazima. Kila mara anaongeza maji na petroli ndani ya sampu na hajafika popote karibu na joto la kuyatoa. Mshale wa joto la maji ukipanda humdanganya mwenye gari la radieta, kwa kuwa oili huchelewa sana nyuma ya maji. Eksozi nayo inajaa maji yasiyokauka na kuoza kutoka ndani. Mara sita za dakika tano ni mbaya kuliko miezi mitano ya kutoguswa. Kama roho haitulii, nenda kaangalie tairi.

Mengine ya kuandaa gari ni ya haraka. Tangi la chuma lijazwe, hewa ikipungua ndani nao unyevu hupungua; na kwa kuwa petroli ya E10, iliyoingia Ujerumani mwaka 2011, ina ethanoli inayovuta maji, wengi hujaza ile yenye ethanoli kidogo. Tairi zipigwe upepo zaidi ya kawaida. Breki ya mkono iachwe wazi, gari lizuiwe kwa gogo, la sivyo viatu vya breki vitashikana na ngoma. Betri itolewe au iwekwe kwenye chaja ndogo ya kutunzia. Kitambaa kitiwe kwenye bomba la eksozi, panya wanapenda mahali pakavu, na karatasi ya kukumbusha ining'inizwe kwenye usukani. Mlango wa banda ufungwe hasa siku za joto la ghafla za Februari: hewa ya uvuguvugu ikiingia na kukuta chuma kilichoganda, gari zima hutoka jasho.

Oili iliyomwagwa inarudi dukani. Sheria ya Ujerumani inamtaka muuzaji aipokee bure, kwa kiasi kilekile ulichonunua, ndiyo maana watu hutunza risiti ya oili. Kwetu oili chafu ina soko: nguzo za uzio hupakwa dhidi ya mchwa, mbao za paa pia, na kuna fundi asiyekubali kuitoa bure. Ni matumizi yenye akili, ingawa mimi nisingeipaka karibu na kisima.

Na usidhani habari hii ya kulaza gari ni ya nchi za theluji peke yake. Watu wangapi walio Muscat, Birmingham au Minneapolis wana gari lililoachwa nyumbani Tanga, Mombasa au Kigamboni? Maelekezo wanayoacha ni yaleyale kila mahali: mpwa aliwashe kila wiki betri isife. Mpwa ni mtiifu, anawasha dakika tano getini, akicheza muziki. Mjomba akirudi baada ya mwaka anakuta oili yenye rangi ya chai ya maziwa na eksozi iliyotoboka, anamlaumu mpwa kwamba alikuwa anazungusha gari mjini. Laiti angelizungusha! Gari linaloachwa pwani, kwenye unyevu wa mwaka mzima, lina njia mbili tu za kusalimika. Ama mpwa aruhusiwe kulipeleka barabara kuu nusu saa au zaidi kila anapoliwasha, ama oili ibadilishwe kabla ya safari, betri itolewe, na funguo ziwekwe ndani kwa bibi. Kati ya hizo mbili, ya kwanza ni bora kwa gari. Ya pili ni bora kwa amani ya ukoo.

Aprili ikifika, gari haliamshwi kwa kuzungusha funguo na kukanyaga mafuta. Oili yote imeteremka chini. Kemshafti na beringi zina utando tu. Kwenye Beetle kazi ni ya dakika moja: chomoa waya wa umeme unaokwenda kwenye koili ili plagi zisichome, kisha piga stata kwa sekunde kumi kumi, ukiipumzisha katikati, hadi taa ya presha ya oili izimike. Rudisha waya. Karbureta nayo itakuwa kavu, petroli yake imeshakwenda na hewa, kwa hiyo pampu inahitaji muda wa kuijaza kabla gari halijashika. Likishika litatoa moshi wa bluu dakika mbili tatu, na jirani atafungua dirisha kulalamika. Ni oili iliyojipenyeza kwenye silinda zilizolala ubavu majira yote ya baridi, inaungua yenyewe. Ukifika kilomita ya pili moshi haupo tena.